Kwanza Gereza, Kisha Uwanja wa Ndege

Usiku wa kuamkia Oktoba 17, 2022, wanaume wawili walipanda nyaya za Daraja la Queen Elizabeth II, linalovuka mto Thames mashariki ya London. Walijifunga kamba juu kabisa, wakatandaza bango. Walitaka serikali ya Uingereza iache kutoa leseni mpya za kuchimba mafuta na gesi. Polisi walilifunga daraja, na likabaki limefungwa kwa takriban saa 40. Foleni ya magari ikarefuka hadi wilaya za jirani. Watu walikosa miadi, wafanyabiashara walipata hasara, na baadaye mahakama ilielezwa kuwa yupo aliyekosa mazishi ya rafiki yake wa miaka mingi. Hasara hiyo ni ya kweli, na sitaki msomaji aione ndogo.

Aprili 2023 jaji mmoja aliwahukumu wote wawili siku moja kwa kosa moja, la kusababisha kero kwa umma. Morgan Trowland, mhandisi, alipewa miaka mitatu. Mwenzake, Marcus Decker, alipewa miaka miwili na miezi saba. Kwa kipimo cha mahakama, basi, Trowland ndiye aliyestahili adhabu kubwa zaidi. Lakini Trowland ana uraia wa Uingereza, na Decker ni Mjerumani. Decker akiwa bado gerezani, Wizara ya Mambo ya Ndani ilimwarifu kuwa inakusudia kumfukuza nchini. Alikuwa na mwenza na watoto wa mwenza wake aliokuwa akiwalea. Yule ambaye jaji alimpa adhabu ndogo zaidi ndiye aliyekuwa hatarini kupoteza nyumba, kazi na familia kwa mpigo mmoja.

Chanzo cha hatari hiyo ni kashfa ya 2006. Mwaka huo iligundulika kuwa Uingereza ilikuwa imewaachia wafungwa wa kigeni zaidi ya 1,000 baada ya vifungo vyao kuisha, bila ofisi yoyote kufikiria kama walipaswa kurudishwa makwao. Miongoni mwao walikuwamo wauaji na wabakaji. Magazeti yalichachamaa, na Mei mwaka huohuo Waziri wa Mambo ya Ndani, Charles Clarke, alipoteza wadhifa wake. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria ya mipaka ya 2007. Kifungu chake cha 32 kinamtaka waziri atoe amri ya kumfukuza mgeni yeyote aliyehukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi. Wanaosalimika ni wachache: mkimbizi anayelindwa na mkataba wa kimataifa, aliyekuwa na umri wa chini ya miaka 18 alipotiwa hatiani, au mtu ambaye kuondolewa kwake kungevunja haki za binadamu, zikiwamo haki za familia. Na hiyo ya familia ni ngumu kuithibitisha, kwa kuwa huzuni ya kawaida ya mtoto kutengana na mzazi haitoshi. Inabidi ionekane kwamba maumivu yatapita kiasi hicho.

Sasa songa mbele miaka 15. Mwaka 2022, serikali ya Uingereza ikiwa imechoshwa na wanaharakati wa mazingira wanaokaa barabarani, Bunge lilitunga sheria mpya ya polisi na adhabu. Kosa la kero kwa umma, ambalo kwa karne nyingi lilikuwa katika sheria ya mapokeo tu, liliandikwa rasmi na kuwekewa ukomo wa miaka 10 jela. Kifungu hicho kilianza kutumika Juni 28, 2022, hata miezi minne haikutimia kabla ya tukio la daraja. Kabla ya hapo, mwandamanaji wa Uingereza aliyefunga njia bila kumpiga mtu alizoea faini, au kifungo kifupi sana. Rufaa ya wale wawili iliposikilizwa, Mahakama ya Rufani ilikiri kuwa vifungo vyao vilizidi kwa mbali vilivyozoeleka kwa kosa la aina hiyo, lakini ikasema ndivyo Bunge lilivyotaka.

Sheria ya kwanza ilikuwa na wauaji akilini, ya pili ilikuwa na watu wanaojifunga kwenye nguzo. Zilitungwa na mabunge mawili, kwa hasira mbili tofauti, zikakutana juu ya mgongo wa mtu mmoja. Ikawa mwandamanaji asiyempiga mtu ameingia katika kapu lilelile la yule ambaye sheria ya 2007 ilitungwa kwa ajili yake, eti kwa sababu wote wamevuka miezi 12.

Kwa Decker kuna la tatu. Angefanya tendo lilelile kabla ya Desemba 31, 2020, angelindwa na kanuni za Umoja wa Ulaya, zinazoitaka serikali ithibitishe kwanza kuwa mtu huyo ni tishio la kweli, la sasa na zito kwa jamii. Baada ya Uingereza kujitoa, kosa lolote lililotendwa baada ya tarehe hiyo linapimwa kwa sheria ya ndani. Mtu alipewa hadhi ya kudumu, akaambiwa maisha yake hayatabadilika, kumbe kipimo chake kilishabadilishwa.

Wanaotetea utaratibu huu wana jibu la haraka: kumfukuza mgeni si kumwadhibu, ni nchi kutumia haki yake ya kuchagua nani akae. Jibu hilo lina umri mkubwa. Mahakama ya Juu ya Marekani ililiweka wazi mwaka 1893, katika kesi ya vibarua wa Kichina waliotakiwa kubeba cheti cha ukaazi la sivyo waondolewe. Majaji wengi walisema kufukuzwa si adhabu ya jinai. Tangu hapo milango mingi imefungwa kwa kauli hiyo moja. Kwa kuwa si adhabu, serikali haiwajibiki kumlipia wakili anayesimama mbele ya jaji wa uhamiaji. Kwa kuwa si adhabu, hakuna baraza la raia la kuamua ukweli. Kwa kuwa si adhabu, sheria iliyotungwa leo inaweza kumwondoa mtu kwa kosa la zamani ambalo alipolikiri halikuwa na madhara hayo.

Ukitaka kuona madhara ya kauli hiyo, zungumza na mtu aliyeolewa Minneapolis au aliyepeleka watoto shule Leicester, mwenye mkopo wa nyumba na makaburi ya wazazi katika nchi ya ugenini. Mwambie achague kati ya miezi sita jela na kuondoka moja kwa moja. Wengi wataichagua jela, kwa sababu jela ina tarehe ya kutoka.

Marekani haitumii kipimo kimoja cha miezi 12 kama Uingereza. Yenyewe imegawa makosa katika mafungu, na jina la kosa ndilo linaloamua. Mtu aliyeshikwa katika maandamano kwa kuvuruga utulivu au kuingia mahali bila ruhusa, kwa kawaida haingii katika mafungu yanayomfukuzisha. Aliyehesabiwa kuwa amemshambulia askari, hata kama ni msukumano wa sekunde tatu kwenye msongamano, anaweza kuingia. Tangu marekebisho ya 1996, kosa la kutumia nguvu lililopewa adhabu ya mwaka mmoja linaitwa kosa zito katika sheria ya uhamiaji, hata kama jaji alisimamisha kifungo na mtu hakulala jela hata usiku mmoja. Hapa Marekani ilikuwa kali kuliko Uingereza, ambako sheria ya 2007 ilipotungwa haikuhesabu kifungo kilichosimamishwa. Tena, makubaliano yale ambamo mtu anakiri kosa, anafanya kazi za kijamii, kisha mahakama inafuta kumbukumbu, mbele ya Uhamiaji mara nyingi yanabaki kuwa hatia. Jimbo limesahau, serikali kuu bado inakumbuka.

Majimbo kadhaa yalipoona hivyo yalitafuta dawa. California, kuanzia 2015, ilipunguza adhabu ya juu ya makosa madogo kutoka siku 365 hadi siku 364. Washington na Nevada zilitangulia, na New York ikafuata mwaka 2019. Siku moja ndiyo inayomtenganisha mtu na ndege ya kumrudisha kwao. Nawapongeza wabunge wa majimbo hayo kwa ujanja wao wa huruma, lakini nasikitika kwamba hatima ya familia imefikia kutegemea hesabu za kalenda.

Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ilipiga hatua. Katika kesi ya José Padilla, mkaazi wa kudumu mzaliwa wa Honduras aliyepigana Vietnam upande wa Marekani, iliamua kuwa wakili wa jinai lazima amweleze mteja asiye raia kama kukiri kosa kutamfukuzisha. Kesi yenyewe ilikuwa ya kusafirisha bangi, lakini uamuzi unamgusa kila anayekamatwa, mwandamanaji akiwamo. Mtanzania au Mkenya anayesoma huko na akajikuta kituoni asiharakishe kukiri kosa dogo ili arudi bwenini. Amuulize wakili wake swali hili kabla ya kutia saini chochote: hili litanifanyaje Uhamiaji?

Hayo yote ni ya mtu aliyetiwa hatiani. Kwa bahati mbaya, historia inaonyesha kuwa mlango uliofunguliwa kwa waliotiwa hatiani hupitishiwa na wengine. Januari 26, 1987, maofisa walivamia nyumba za Los Angeles na kuwakamata wahamiaji waliokuja kujulikana kama Wanane wa Los Angeles. Walikuwa Wapalestina pamoja na mwanamke mmoja kutoka Kenya, mke wa mmoja wao. Serikali iliwatuhumu kwa sheria ya 1952, ya enzi za hofu ya ukomunisti, iliyoruhusu kumfukuza mgeni kwa kushirikiana na kundi lenye itikadi hiyo. Ushahidi ulihusu magazeti waliyosambaza na karamu walizoandaa kuchangisha fedha. Mkurugenzi wa FBI wakati huo, William Webster, aliliambia Bunge kuwa hawakukutwa na kitendo chochote cha ugaidi, na kwamba wangekuwa raia kusingekuwa na msingi wa kuwakamata.

Kusema hivyo mbele ya wabunge ni kukiri kuwa tofauti ilikuwa pasipoti tu. Hata hivyo kesi haikufa. Jaji mmoja wa shirikisho alivitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha katiba mwaka 1989. Bunge likaviondoa mwaka 1990, na serikali ikabadilisha mashitaka, ikahamia kwenye vifungu vya ugaidi na kasoro za viza. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ilisema mgeni asiye na kibali halali, kwa kawaida, hana haki ya kujitetea kwa kudai kuwa amechaguliwa kwa sababu ya msimamo wake wa kisiasa. Ilichukua hadi Januari 2007 ndipo jaji wa uhamiaji Bruce Einhorn alipotupilia mbali shauri dhidi ya wawili wa mwisho, akiuita mwenendo wa serikali aibu kwa utawala wa sheria. Miaka 20 ilikuwa imepita. Vijana waliokamatwa walizeeka wakisubiri kujua watalala nchi gani.

Sheria hiyo ya 1990 iliyoondoa masharti ya itikadi ndiyo pia iliyoweka kifungu kinachomruhusu Waziri wa Mambo ya Nje kumtaja mgeni kuwa ana madhara kwa sera ya nje ya nchi. Kifungu hicho kililala kwa miaka mingi karibu bila kusikika. Machi 8, 2025, kikatumika dhidi ya Mahmoud Khalil, mkaazi wa kudumu aliyekuwa msemaji wa wanafunzi katika maandamano ya Chuo Kikuu cha Columbia kuhusu Gaza. Hakushitakiwa kwa kosa lolote la jinai. Alipelekwa kizuizini Louisiana, mkewe akajifungua mtoto wao wa kwanza yeye akiwa ndani, na alitoka Juni 20 kwa amri ya jaji wa New Jersey. Septemba mwaka huohuo jaji William Young wa Boston aliamua kuwa kampeni ya kuwasaka wanaharakati wa aina hiyo ilivunja uhuru wa kusema, ambao wageni waliomo nchini kihalali wanao sawa na raia. Mabishano ya mahakama yaliendelea baada ya hapo, na uamuzi mmoja haukumtuliza mtu yeyote.

Kati ya kesi hizo kubwa kulikuwa na jambo dogo lililonishitua zaidi. Majira yaleyale Khalil alipokamatwa, ofisi za Marekani zilichukua majina ya wanafunzi wa kigeni wapatao milioni 1.3 na kuyapitisha katika hifadhi ya kumbukumbu za polisi. Majina kama 6,400 yaligonga, na maelfu ya wanafunzi wakafutiwa kumbukumbu zao za masomo katika mfumo wa serikali. Wengine walikuwa wamesimamishwa tu barabarani, au mashitaka yao yalishafutwa. Baada ya wimbi la kesi, Aprili 25, 2025 serikali ilitangaza kuwarudisha. Lakini fikiria wiki hizo kwa mwanafunzi ambaye wazazi wake waliuza shamba ili apate karo, anaamka na kukuta kompyuta imeamua kuwa hayupo kihalali.

Ughaibuni wetu, hata hivyo, hauko Amerika na Ulaya peke yake. Wafanyakazi wengi wa Afrika Mashariki wako Ghuba, na huko mafunzo ya mwaka 2024 yalikuwa makali. Wiki chache baada ya vijana wa Kenya kuingia mitaani kupinga muswada wa fedha, wanafunzi wa Bangladesh waliandamana kupinga mgao wa ajira za serikali, na wengi wakauawa. Julai 19, vibarua wa Kibangladeshi walikusanyika katika mitaa ya Falme za Kiarabu kuwaunga mkono ndugu zao. Maandamano yalikuwa dhidi ya serikali ya kwao, si ya wenyeji wao. Julai 21 mahakama ya Abu Dhabi ilikwishatoa hukumu: watu 57 walitiwa hatiani, watatu kifungo cha maisha, 53 miaka 10, na mmoja miaka 11. Wote wafukuzwe wakimaliza. Kutoka mtaani hadi hukumu, siku mbili!

Agosti 5 Waziri Mkuu wa Bangladesh, Sheikh Hasina, alikimbia nchi. Muhammad Yunus aliyeshika uongozi wa mpito alizungumza kwa simu na Rais wa Falme za Kiarabu, Mohamed bin Zayed, na mwanzoni mwa Septemba ukatangazwa msamaha kwa wote 57. Angalia msamaha huo ulifika wapi. Ulifuta vifungo, hata vile vya maisha. Kufukuzwa hakukufutwa, walipandishwa ndege kurudi Dhaka. Katika nchi ambako karibu watu tisa kati ya kumi ni wageni, kufukuzwa ndiyo sheria yenyewe ya utulivu, na kila kibarua anaijua kabla hajajifunza njia ya kwenda kazini. Aliyekopa ili alipe wakala wa ajira anarudi na deni lilelile.

Nasi tusijifanye wasafi. Mei 2025, mwanasiasa wa Kenya Martha Karua alizuiwa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam na kurudishwa alipokuja kufuatilia kesi ya mwanasiasa wa upinzani wa Tanzania, Tundu Lissu. Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda walikamatwa, kisha wakatelekezwa kila mmoja karibu na mpaka wa nchi yake, na wote wawili wakaeleza kuwa waliteswa. Hakuna hukumu iliyotangulia, hakuna hata shitaka, na wote watatu wanatoka nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, inayojigamba kwa uhuru wa watu kusafiri.

Najua hoja inayosemwa barazani. Mgeni aheshimu nyumba ya mwenyeji. Akitaka kupiga kelele akapige kwao. Nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu, na siidharau. Ila wazee wetu walikwishaipa mipaka waliposema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aliyepewa jembe si mgeni wa sebuleni tena. Analima shamba moja na wenyeji, mvua ikikosekana anakosa nao, na akiona mfereji unapasuka ana haki ya kupaza sauti. Mtu aliyelipa kodi miaka 15, aliyelea watoto katika shule za mtaa, amekwishashika jembe. Akivunja sheria akiwa anapaza sauti hiyo, apewe adhabu ya mlimaji mwenzake, isizidi.

Sidai kwamba asifukuzwe mgeni yeyote kwa kosa lolote. Aliyechoma nyumba yenye watu ndani kwa kisingizio cha maandamano, nchi ina haki ya kumwondoa. Ninachodai ni kwamba uamuzi huo mzito uwe na mtu anayeufanya, akijua tendo lilivyokuwa, badala ya kujiendesha wenyewe kwa idadi ya miezi iliyoandikwa kwenye karatasi ya hukumu.

Na jambo hili limewahi kuwapo. Kuanzia sheria ya uhamiaji ya 1917, jaji wa Marekani aliyetoa hukumu ya jinai alikuwa na siku 30 za kupendekeza kuwa mtu huyo asifukuzwe kwa kosa hilo. Pendekezo lilifunga mikono ya serikali. Uhamiaji haikuweza kulipuuza. Yule aliyewasikiliza mashahidi, aliyeona picha za tukio na kumtazama mshitakiwa usoni, ndiye aliyepima kama kosa linastahili jela peke yake au jela na ugenini wa kudumu. Mamlaka hayo yalidumu miaka 73. Yalifutwa na sheria ileile ya 1990. Bunge la Washington linaweza kuyarudisha kwa kifungu cha mistari michache, na lile la London linaweza kuyatunga upya kwa kumpa jaji wa hukumu ruhusa ya kuiondoa kesi iliyo mbele yake katika kifungu cha 32 cha sheria ya 2007. Wabunge wa Nairobi na Dodoma, ambao wapigakura wao wana watoto katika nchi zote hizo, waiweke hoja hiyo mezani kila wanapokutana na wenzao.